Boti Iliyopauka: Namna ya Kuirudishia Mng'aro Bila Kuimaliza Ngozi Yake



Boti za faiba zimezoeleka sasa katika maziwa yetu na katika pwani. Ziko za polisi, za kubebea wagonjwa, za kuvusha abiria, za watalii, na za mashamba ya samaki. Boti hiyo ikiwa mpya hung'aa kama sahani iliyooshwa. Baada ya misimu michache ya jua hupauka. Nyekundu hufifia mpaka ikafanana na tofali la zamani, buluu huwa kijivu, na nyeupe huwa kama ukuta uliopakwa chokaa: ukiugusa, mkono unatoka na unga.

Hapo mwenye boti humwita fundi, au humwambia kibarua yeyote aliye karibu, "Ing'arishe hii, nitakulipa ukimaliza." Kazi hiyo huonekana ndogo. Lakini ndani yake mna mambo mawili ambayo yafaa kila mfanyakazi ayajue, hata yule wa shamba la chai au wa kiwanda cha sukari ambaye hajapata kupanda boti. La kwanza, mng'aro wa boti umo katika ngozi nyembamba ambayo haioti tena. La pili, haraka inayoharibu ngozi hiyo ndiyo hiyo hiyo inayoharibu mapafu ya mtu anayeisugua. Tutaeleza yote mawili kwa utaratibu.

JELIKOTI NI KITU GANI?

Mashua ya mbao hujengwa kwanza, kisha hupakwa rangi mwishoni. Boti ya faiba ni kinyume chake: huanzia nje kwenda ndani. Kiwandani kuna kalibu kubwa yenye umbo la boti. Kalibu hiyo husuguliwa nta ili kitu kisigande. Kisha hupakwa au hupuliziwa jelikoti, yaani uji mzito wa resini ya poliesta uliochanganywa na rangi. Jelikoti ikishika, ndipo hutandikwa mikeka ya nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka, na kuloweshwa resini. Yote yakikauka, boti hutolewa katika kalibu. Kile kilichopakwa kwanza ndicho kinachoonekana nje.

Basi jelikoti si rangi ya kawaida ambayo mtu huikwangua na kupaka nyingine Jumamosi ijayo. Ni ngozi iliyozaliwa pamoja na boti. Unene wake kwa kawaida ni kama nusu milimita tu, sawa na karatasi 5 au 6 za daftari zilizobanwa pamoja. Nguvu ya boti haimo katika ngozi hii. Imo katika nyuzi za kioo zilizo nyuma yake. Kazi ya jelikoti ni kuzikinga nyuzi hizo na maji na jua, na kuipa boti sura yake.

KWA NINI HUPAUKA?

Adui wa kwanza ni jua. Katika mwanga wa jua mna mionzi isiyoonekana kwa macho. Ndiyo inayopausha nguo kwenye kamba na kufanya ndoo ya plastiki ipasuke ikiachwa nje. Mionzi hiyo hukata viungo vinavyoishikamanisha resini. Karibu na ikweta jua ni kali mwaka mzima. Tena, kila mtu anapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mionzi hiyo huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10. Ziwa Victoria liko juu ya mita 1,100, na Ziwa Kivu liko juu ya mita 1,400. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba boti ya ziwani ina nafuu kwa kuwa haipati chumvi. Chumvi haipo, lakini jua lipo.

Resini ya juu ikivunjika, uso wa jelikoti huwa na vijitundu vidogo sana. Mwanga ukiangukia hapo hutawanyika huku na huku badala ya kurudi kama katika kioo, na jicho huona weupe. Chembe za rangi nazo hukosa kitu cha kuzishika, zikatoka mkononi kama unga. Vijitundu hunywa maji machafu, moshi wa mashine na ukungu. Boti ikishaanza kupauka, huendelea kupauka upesi zaidi.

CHUNGUZA KABLA YA KUSUGUA

Fundi mzuri hafungui mkebe wa dawa kabla ya kujua ugonjwa. Fanya majaribio haya manne:

1. Sugua kitambaa cheusi kikavu juu ya ubavu wa boti. Kikitoka na unga, jelikoti imepauka.

2. Lowesha mahali hapo maji. Rangi ya zamani ikirudi kwa muda wa maji hayo, ni dalili njema: rangi nzuri ingalipo chini, na maji yamejaza vijitundu tu.

3. Tazama kwa karibu sana. Ukiona alama za nyuzi kama mkeka, au rangi nyingine ikichungulia, jelikoti imekwisha mahali hapo. Usisugue tena. Hapo panahitaji jelikoti mpya au rangi maalumu ya boti.

4. Tafuta nyufa na malengelenge. Nyufa zinazosambaa kama miguu ya buibui mara nyingi huonyesha kwamba boti imegongwa, au inapinda mahali isipopaswa kupinda. Malengelenge chini ya mstari wa maji huonyesha kwamba maji yamepenya ndani ya faiba. Mambo haya hayaponi kwa kung'arisha. Mwambie mwenye boti, na kama kuna daftari la kazi, liandikwe humo.

KANUNI KUU: ANZA NA DAWA HAFIFU

Kila dawa ya kung'arishia jelikoti hufanya kazi kwa kula. Polishi hula kidogo sana. Kompaundi, ile dawa ya kusugulia yenye chembe kali, hula zaidi. Msasa hula kupita zote. Tuseme fundi anatumia msasa mkali kila mwaka, na kila mara anaondoa sehemu 1 katika 10 za unene. Baada ya miaka 5 nusu ya ngozi imekwenda, na pembeni, ambako jelikoti mara nyingi huwa nyembamba zaidi, pengine imekwisha kabisa. Boti inang'aa kila mwaka huku inakwisha.

Kwa hiyo chagua mahali pamoja padogo, kama nusu mita kwa nusu mita, ukapajaribu. Anza na polishi. Ikitosha, ishia hapo. Isipotosha, jaribu kompaundi laini, kisha ile kali. Msasa uwe wa mwisho. Dawa hafifu iliyotosha mahali padogo ndiyo utakayotumia boti nzima.

HATUA ZA KAZI

Kwanza, osha. Tumia maji matamu na sabuni isiyo kali, na brashi laini. Mchanga ukibaki, kitambaa chako kitageuka kuwa msasa. Alama za kutu na manjano ya maji ya ziwa hutolewa na dawa yenye asidi ya oksaliki. Hiyo ni sumu: vaa glovu, usiile kwa mikono michafu, na suuza kwa maji mengi. Maji ya kuoshea yasitiririke kwenye mwalo ambako watu huteka maji ya kunywa.

Pili, fanya kazi kivulini. Jelikoti yenye joto hukausha dawa kabla haijafanya kazi. Kama hakuna kibanda, funga turubai, au anza alfajiri.

Tatu, msasa, kama umelazimika. Tumia msasa wa maji, kamwe usiwe mkavu. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini. Anza na 800 au 1000, uende 1500, umalizie 2000. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, kwa hiyo usiruke. Uzungushie kibao cha mpira ili vidole visichimbe mifereji. Mara hii sugua kwa upande mmoja, mara inayofuata kata kwa upande mwingine, ndipo utakapojua mikwaruzo ya zamani imekwisha. Pembe na kingo zibandike utepe wa karatasi, uzimalizie kwa mkono.

Nne, kompaundi. Gawanya ubavu wa boti katika vipande vya kama sentimita 60 kwa 60. Paka dawa kidogo. Ukitumia mashine, iwe kwa mwendo wa polepole, na isikae mahali pamoja, maana huunguza jelikoti. Anza na sufi, umalizie na sponji. Mashine ya umeme isitumiwe mahali penye maji, wala waya wake usilale katika dimbwi. Boti moja haina thamani ya roho ya mtu.

Tano, polishi. Hii hufuta ukungu uliobaki baada ya kompaundi. Jihadhari na dawa za bei rahisi zenye silikoni. Hung'arisha leo, lakini siku ukitaka kutia kiraka cha jelikoti au kupaka rangi, haitashika.

Sita, nta. Hapa ndipo wengi hukosea. Huona boti inang'aa wakadhani kazi imekwisha. Jelikoti iliyotoka kusuguliwa iko uchi, haina kinga. Paka nta nyembamba, iache mpaka iwe na ukungu, kisha ifute kwa kitambaa safi na laini. Rudia mara ya pili. Usipake nta sehemu ya chini itakayopakwa rangi ya kuzuia viumbe vya majini, kwa sababu rangi hiyo haitagandia.

KINGA NI RAHISI KULIKO TIBA

Nta ya boti hukaa miezi michache tu chini ya jua letu. Usihesabu miezi, yaulize maji. Mwaga maji ubavuni. Yakisimama kama matone ya mvua juu ya jani la gimbi, nta ingalipo. Yakitandaa kama juu ya meza kavu, nta imekwisha. Paka tena siku hiyo, kabla jua halijafika kwenye jelikoti. Kazi ya nta ni ya nusu siku, na haili ngozi. Kazi ya kompaundi ni ya siku kadhaa, na hula.

Zaidi ya hayo, boti isiyofanya kazi ifunikwe. Hata kibanda cha makuti au turubai la zamani hushinda mkebe wa dawa wa bei ghali, maana kivuli hukata shina la ugonjwa wenyewe. Turubai lisipigepige ubavuni kwa upepo, na liachie nafasi ya hewa kupita. Boti ya baharini isuuzwe kwa maji matamu kila jioni. Kinyesi cha ndege kisilale mpaka kesho. Boti isifungwe mahali ambapo itasuguana na gati. Ning'iniza matairi au mipira.

KUHUSU VIRAKA

Penye shimo dogo hutiwa jelikoti mpya. Huchanganywa na hadina, ambayo ni peroksidi, kwa kawaida sehemu 1 mpaka 2 katika 100. Fuata maandishi ya mkebe. Jelikoti ya kawaida ikikutana na hewa hubaki na uso unaonata. Kwa hiyo funika kiraka kwa plastiki mpaka kishike, au tumia ile iliyotiwa nta kiwandani.

Hadina ni kitu cha kuogopwa. Tone moja likiingia jichoni laweza kupofusha. Likiingia, osha jicho kwa maji mengi papo hapo, endelea kuosha kwa muda mrefu, na mpelekeni mtu hospitali. Hadina isichanganywe na asetoni hata kidogo, na isikutanishwe moja kwa moja na ile dawa nyingine ya kuharakisha resini, maana huweza kulipuka. Isitiwe katika chupa ya soda. Watoto hawajui kusoma harufu.

PUMZI YA MFANYAKAZI

Sasa tuzungumze juu ya mtu mwenyewe. Ukisugua jelikoti kavu kwa grainda, unga wa plastiki hujaa hewani. Ukipita jelikoti, unaingia katika nyuzi za kioo. Unga huo huwasha ngozi, huumiza macho, na ule mwembamba kabisa, usioonekana, huteremka mpaka ndani ya mapafu. Kitambaa kilichofungwa puani hakiuzuii. Inatakiwa barakoa ya kuzuia vumbi inayobana uso, pamoja na miwani ya kinga. Rangi ya chini ya boti ya kuzuia viumbe vya majini ni hatari zaidi, kwa kuwa mara nyingi ina sumu ya shaba. Hiyo isisuguliwe kavu kamwe.

Harufu kali ya resini ni stairini. Humfanya mtu aumwe kichwa, apate kizunguzungu, na ajisikie kama amelewa. Zamani mafundi wengi waliambiwa kwamba ni harufu tu, utaizoea. Lakini mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka stairini katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke huo. Inatakiwa ile yenye vichujio vya mkaa, na kazi ifanywe mahali penye hewa inayopita. Ndani ya boti, katika vyumba vyake vidogo, mtu asifanye kazi ya resini peke yake.

Asetoni nayo hushika moto upesi. Sigara na jiko viwe mbali. Wala isitumiwe kunawia mikono: huondoa mafuta ya ngozi, ikapasuka, na sumu nyingine zikapata mlango. Nawa kwa sabuni, kabla ya kula na kabla ya kwenda nyumbani. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

KAZI YA KIPANDE NA HARAKA YAKE

Kama watu wanajua hatari hizi, kwa nini grainda kavu bado inalia kila mahali? Jibu liko katika malipo. Kibarua analipwa kwa boti, si kwa siku. Msasa wa maji kwa mkono utamchukua siku tatu; grainda kavu itamchukua siku moja. Tumbo linamwambia achukue grainda. Mchumaji wa chai anayelipwa kwa kilo anaijua hesabu hiyo: mwenye mali hununua haraka, na mfanyakazi hulipia kwa mwili wake.

Lakini katika kazi hii hata mwenye mali hapati faida. Haraka imekula jelikoti yake. Mwaka wa kwanza anafurahi. Mwaka wa nne anaambiwa boti yote ipakwe jelikoti upya, kazi ya gharama kubwa kuliko nta ya miaka yote hiyo. Kwa hiyo wawakilishi wetu wanapoomba kazi hii ilipwe kwa siku, au bei ya kipande ihesabiwe kwa msasa wa maji na si kwa grainda, hawaombi zawadi. Wanatetea mapafu na wanatetea boti kwa pamoja.

HAKI ILIYOANDIKWA

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba mwajiri hana budi kutoa mavazi na vifaa vya kinga vinapohitajika, na kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Maana yake ni kwamba glovu na barakoa hazikatwi katika mshahara. Mkataba namba 170 wa mwaka 1990 unahusu kemikali: mikebe iwe na maandishi ya kueleza hatari, na wafanyakazi wajulishwe kilichomo. Mwezi Juni 2022 mkutano mkuu wa Shirika hilo uliongeza mahali pa kazi palipo salama katika haki za msingi za kazi. Tangu hapo kila nchi mwanachama inapaswa kuiheshimu na kuiendeleza haki hiyo, hata kama haijaridhia mkataba wenyewe. Mwajiri akikuambia kwamba haya ni mambo ya Ulaya, mwonyeshe mstari huu.

Basi, ndugu, kabla ya kugusa boti iliyopauka, ulizeni maswali matano: Mkebe huu una nini ndani? Barakoa na glovu ziko wapi? Maji ya msasa yako karibu? Kivuli kipo? Malipo ni ya siku au ya kipande? Jibu likikosekana, mwiteni mwakilishi wa chama kabla kazi haijaanza, maana baada ya unga kuingia kifuani hakuna polishi ya kuutoa.

Ukurasa huu ukatwe, ubandikwe katika ukuta wa karakana. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.